Mgawo wa Moshi

Jicho la Moshi lilikuwa juu ya Tanga mchana wa Jumamosi kama lilivyokuwa kila siku. Halikuona nyumba wala watu, liliona hewa tu. Chombo hicho kiliwekwa angani kuhesabu kaboni yote inayotoka duniani, iwe ya kinu cha chuma au ya jiko la mtu anayechemsha maharage, na hesabu yake haikatiwi rufaa.

Mhandisi Mwanahija Sheiza aliyaona matokeo kwenye kioo cha kompyuta katika chumba cha mitambo ya umeme. Sindano ya moshi wa wilaya ilikuwa imekaribia alama nyekundu. Ikiigusa, mtambo uitwao Kizibo hufunga umeme wa gesi wenyewe, bila kumuuliza mtu, na haufungui mpaka magharibi. Huanza na kata ndogo. Leo ilikuwa zamu ya kata ya Relini.

Kata ya Relini ndiko iliko hospitali, na hospitalini, saa hiyo hiyo, mama yake, Bi Mishi, alikuwa amelazwa kwenye mashine ya kusafisha figo. Jenereta zilishang'olewa tangu mkataba wa moshi ulipoanza. Betri zilizobaki zilikuwa kuukuu, hazishiki hata taa.

Mkataba wenyewe, we acha tu. Siku mataifa yalipokaa kugawana moshi, kila nchi ilipewa kwa kadiri ya moshi iliokuwa ikiutoa siku ile. Wenye viwanda vingi wakaondoka na fungu nono. Sisi tuliokuwa tunahangaika na vibatari tukapewa mgawo wa watu wa vibatari, tukaambiwa tuendelee kutoka hapo.

Mwanahija akaichambua hesabu ya kata. Relini ilikuwa imepanda tangu asubuhi, na akajua mara moja ni kwa nani. Alimpigia mdogo wake, Mbaruku, aliyekuwa akimwoza binti yake leo. Harusi ilivutwa mbele makusudi ili Bi Mishi aione.

"Mbaruku, pilau mnapikia nini?"

"Umeanza, dada. Pilau la umeme litanukia nini?"

"Nakuuliza."

"Kuni. Masufuria sita. Lakini usiwe na wasiwasi, nimetandaza turubai juu, hilo Jicho lenu haliambulii kitu."

"Jicho haliangalii, Mbaruku. Linanusa. Zima."

"Dada, ndiyo kwanza tunapalia makaa. Wageni wameshaanza kuingia."

"Mama yuko kwenye mashine. Damu yake iko nje, kwenye mipira. Umeme ukikatika..."

Mbaruku hakubisha tena. Mwanahija alisikia ndoo zikiburutwa, kisha maji yakimwagwa na moto ukichachatika. Wanawake wakaanza kulalama, jamani pilau letu, jamani wageni watakula nini. Yeye macho yake yalikuwa kwenye kioo. Namba ya kata ikashuka. Sindano ya wilaya haikutikisika.

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomshika. Alifungua ukurasa wa viwanda, jambo ambalo angelifanya mwanzo kama si kuwafikiria ndugu zake. Kiwanda cha saruji ng'ambo ya mji kilikuwa kimewasha tanuri la tatu ili kumalizia shehena ya watu wa nje. Saruji inapanda meli kwenda kujenga miji yao, moshi unaandikwa kwetu. Na kiwanda kina kinga ya mkataba, Kizibo hakikigusi. Masufuria sita mbele ya matanuri yale yalikuwa si chochote.

Sindano ikagusa nyekundu. Kwenye ramani, Relini ikawa nyeusi.

Alipiga simu wodini. Muuguzi Elinipa alipokea akihema.

"Dada, nazungusha pampu ya damu kwa mkono. Naiweka simu chini, usinisemeshe."

Mwanahija alisikia mpini ukikwaruza, ukisimama, ukikwaruza tena. Aliomba dua zote alizozijua, akazirudia.

"Damu imerudi yote mwilini," Elinipa akasema hatimaye. "Ila amesafishwa nusu tu. Haya, ongea naye."

"Mwanahija." Sauti ya Bi Mishi ilikuwa nyembamba. "Nasikia baridi, mwanangu. Pilau limeiva?"

"Linakaribia, mama. Pumzika."

Alipokata simu, kioo kilikuwa na ujumbe kutoka makao makuu ya mkataba, huko mbali: *Hongera, kata ya Relini. Leo mmethibitisha kwamba mnaweza kuishi kwa moshi mdogo zaidi. Mgawo wenu wa miaka kumi ijayo utashushwa kulingana na kipimo cha leo saa kumi jioni.*

Aliusoma mara mbili. Mgawo ukishuka, umeme utakatika mara kwa mara, na mama yake anahitaji mashine ile mara tatu kwa wiki. Saa kumi ilikuwa karibu mno. Akampigia Mbaruku.

"Mama vipi?" Mbaruku aliwahi kuuliza.

"Yuko hai. Sikiliza. Zile kuni mlizomwagia maji, zinaweza kushika tena?"

"Zimelowa chepechepe, dada. Zitatoa moshi tu."

"Washeni."

"Pilau limeshaharibika. Tupike nini?"

"Msipike kitu," Mwanahija akasema. "Washeni meko yote sita. Waambie na majirani wawashe, Jicho likipima saa kumi likute moshi."