Sauti ya Turan

Kila alasiri, baada ya masomo, Golandam alinawa mikono hadi viwikoni kama muuguzi alivyoagiza, kisha akafuatana na baba yake hadi hospitali kuu ya Kashan. Huko alilala mama yake, Bi Zivar, mfumaji wa mazulia, aliyegongwa na pikipiki akiwa ametoka kununua sufu. Kichwa chake kiliumia, naye hakuwa amefumbua macho tangu siku hiyo.

Muuguzi Foruzan alikuwa amewaeleza kwa upole, "Ubongo ulioumia huamshwa taratibu. Sauti anayoijua, kisha apumzike. Baadaye mguso, baadaye harufu. Tukimletea vyote kwa pamoja tutamchosha. Sasa niambieni, nyumbani alizoea sauti ya nani?"

"Ya Turan," baba alijibu papo hapo. "Yeye ndiye humwimbia nakshi."

Ni kweli. Turan, dada mkubwa, hukaa kando ya mama yake akisoma mchoro wa zulia na kuimba rangi za kila fundo, ili mama afume bila kuinua macho. Basi huko wodini Turan alimwimbia mama, na Golandam alipewa kazi ya kumwekea sufu kiganjani, Turan akishamaliza. Majirani walioleta supu hawakuisha kusema, "Turan ndiye atakayemrudisha mama yake!" Kila sifa ilimchoma Golandam kama mwiba.

"Na mimi je?" alinung'unika siku moja. "Mimi ni hamali wa sufu tu?"

"Wee, acha gubu," Turan alimcheka. "Ulipoitwa ujifunze kuimba, si ulikimbilia kuruka kamba?"

Haukupita muda mrefu, Turan akashikwa na mafua makali, akazuiwa kuingia wodini. Alirekodi wimbo wake katika simu ya baba, naye baba akamkabidhi Golandam aibebe. Golandam alipobaki peke yake kwenye benchi la nje, wivu ulimpanda. Akaufuta wimbo wote.

Siku hiyo daktari alikuja kutazama kama mgonjwa alikuwa akiitikia sauti. Foruzan aliisogeza simu sikioni mwa Bi Zivar. Hakukuwa na wimbo ndani. Baba, uso umemwiva, akaichukua, akampigia Turan kwa spika.

"Turan! Umerekodi upepo? Daktari yuko hapa, nawe unaleta mchezo?"

"Baba, wallahi nilirekodi," sauti iliyokwaruza ilijibu, kisha kikafuata kilio.

Golandam aliutazama uso wa mama yake uliotulia tuli. Akamvuta baba mkono.

"Usimkaripie, Baba. Ni mimi. Niliufuta."

Foruzan akaichukua simu, akaisogeza tena sikioni mwa mgonjwa. "Turan binti yangu, futa machozi. Mwimbie sasa hivi, tunakusikia."

"Nyekundu mbili... samawati moja... ruka nyeupe..." Turan aliimba, kisha akanyamaza. Mwimbaji wa nakshi haendelei mpaka mfumaji amjibu kwamba fundo limekaa, na mfumaji alikuwa hajiwezi.

"Limekaa!" Golandam aliitika kwa niaba ya mama yake, akibubujikwa na machozi.

Turan akaendelea, Golandam akaitika tena, na tena. Ndipo vidole vya Bi Zivar vikajikunja juu ya shuka, vikavuta, kama vinavyokaza fundo. Daktari aliinama. Turan aliporudia, vidole vikarudia.

"Anasikia," daktari alisema. "Tutaendelea naye. Sasa mwacheni apumzike."

Nje ya wodi, baba alimsimamisha Golandam mbele yake.

"Wivu, mwanangu, ni moto wa pumba. Huoni mwale, utashtukia ghala limeteketea. Ulidhani unamnyang'anya dada yako, kumbe ulikuwa ukimnyang'anya mama yako njia ya kurudi. Umesema kweli kabla hujaulizwa, hilo nimeliona. Lakini kusema kweli si mwisho wa deni. Ukimwonea mwenzako wivu kwa kazi njema, ishike kazi hiyo pamoja naye. Twende nyumbani ukamwombe dada yako radhi, ana kwa ana, kisha umwambie akufundishe kuimba."