Mtama Usio na Vumbi la Njano

Sikudhani alikuwa na jicho la mbegu. Pale kijijini Kiegei hakuna aliyebisha. Wakati wa mavuno wenzake walikata mtama na kutupia kwenye matenga. Yeye alitembea kwanza. Alitazama shina, akabonyeza suke, akauma punje moja. Akisema, "Hili," mumewe Mbaruku alilikata na bua lake refu, likaenda kuning'inizwa juu ya moto wa jikoni. Moshi ulilitia weusi. Wadudu hawakuligusa mpaka mvua za mwaka mwingine.

Mbegu ile aliachiwa na mama yake, na hakuwahi kuiuza. Mwenye shida alikuja na ungo mtupu, akaondoka na ungo uliojaa. Ndivyo alivyoipata Magreti, jirani wa ng'ambo ya mto, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Msumbiji. Mwaka mmoja mbuzi waliingia jikoni kwa Magreti wakamaliza mbegu yote. Sikudhani alimjazia ungo mpaka punje zikamwagika njiani, kuku wakafaidi.

Basi jicho hilo hilo ndilo lililomponza.

Baada ya mavuno alikwenda Likunja, upande wa Ruangwa, kumtazama mdogo wake Fauzia aliyekuwa amejifungua. Mume wa Fauzia alikuwa kibarua kwenye shamba la kuzalisha mbegu. Kazi ilipoisha, msimamizi aliwagawia vibarua masuke yaliyobaki. Aliwaambia wazi kwamba mtama ule ni wa ugali, si wa kupanda. Fauzia naye aliyarudia maneno hayo kwa dada yake.

Sikudhani aliyasikia, lakini macho yalikuwa yameshatangulia. Masuke yalikuwa mafupi, mazito, yenye punje nyeupe zilizobanana. Mashina yake, alivyoambiwa, hayafiki begani, hata kuvuna ni raha. Kusaga suke kama hilo aliona ni dhambi. Moyoni alisema msimamizi anakataza ili watu wakanunue mbegu dukani. Akaomba apewe, akapewa. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mvua zilipokuja alipanda shamba lote la mtama kwa mbegu ya Likunja. Mbegu ya mama yake haikupata hata tuta moja. Iliyokuwa juu ya moto aliishusha akaisaga, ikawa uji wa Ramadhani. Ulikuwa uji mtamu, na watoto waliusifu.

Mtama mpya ulikua vizuri ajabu. Majani yalikuwa mapana, mashina manene, masuke yakatoka kwa pamoja. Mbaruku alikuwa akiwapitisha wageni shambani hata kama walikuja kwa habari nyingine. Mahindi yao yalikuwa yameungua kwa jua, kwa hiyo chakula cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama pale kwenye mtama.

Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua Sikudhani, naye hakumwambia mtu. Mtama unapochanua, ukipita katikati yake asubuhi, vumbi la njano hukushika nguo. Tangu utotoni alirudi nyumbani na kanga ya njano, na mama yake akimgombeza. Mwaka huu alipita shambani asubuhi baada ya asubuhi, na kanga yake nyeupe ilirudi nyeupe.

Akaanza kuyabonyeza masuke yaliyotangulia kuchanua. Yalikuwa matupu. Hakukuwa na punje changa, wala maziwa. Kwa juu mtama ulipendeza, na ndani ulikuwa makapi.

Habari haikukaa. Kisimani mtu mmoja alisema ni jicho baya, kwa kuwa shamba lilisifiwa mno. Mbaruku hakusema ya jicho. Alisema ya tumbo.

"Mama Amiri, mimi huu nakata," alimwambia mkewe. "Nawapa mbuzi. Unyevu haujaisha, nipande choroko tupate hata kidogo."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Sikudhani zaidi. Alimwomba asubiri kwanza amwite bibi shamba. Mbaruku alinoa panga lake, akaliegemeza ukutani, akasema atasubiri, ila si sana.

Bibi shamba aliitwa Dionisia. Alifika asubuhi na mapema kwa pikipiki yake. Hakuanza kwa kufundisha. Alizunguka shamba, akarudi, akauliza mbegu ilitoka wapi. Sikudhani aliona aibu. Akatazama chini, kisha akaeleza yote: Likunja, masuke mazuri, na maneno ya msimamizi aliyoyapuuza.

Dionisia hakumlaumu. Alikata kitawi cha suke lililokuwa linachanua, akatoa kioo cha kukuzia, akampa aangalie.

"Unaona nini, mama?"

Sikudhani aliona vijinyoya viwili vyeupe, vimetanuka, vibichi. Pembeni yake vilining'inia vifuko vitatu vyembamba, vimesinyaa kama maharage yaliyokosa mvua.

"Vijinyoya ni upande wa kike," Dionisia alisema. "Ni vizima kabisa. Vifuko ni upande wa kiume. Humo ndimo hukaa chavua, yaani lile vumbi la njano. Sasa vipasue."

Alivipasua kwenye kiganja. Hakikutoka kitu.

"Shamba lako halijarogwa," Dionisia alisema. "Limekosa baba."

Mbaruku, aliyekuwa amesimama nyuma, alisogea karibu.

Dionisia akaeleza polepole. Kila mmea umejengwa kwa seli, ambazo ni kama vyumba vidogo mno. Ndani ya kila seli kuna vitu vidogo zaidi viitwavyo mitokondria. Kazi yake kubwa ni kukipokea chakula cha mmea na kukigeuza kuwa nguvu. Mmea ukikua, ni kwa nguvu hiyo. Ukitoa ua, ni kwa nguvu hiyo hiyo.

"Sasa kutengeneza chavua ni kazi nzito," alisema. "Ni kama siku ya harusi. Siku za kawaida jiko moja linakutosha. Siku ya harusi unataka majiko yote yawake, na kama jiko lina kasoro, siku hiyo ndiyo itakuumbua. Mitokondria za mtama huu zina kasoro ndogo. Mmea unakua vizuri, huoni kitu. Ikifika kutengeneza chavua, kazi inaharibika, chavua inakufa ingali changa."

"Na upande wa kike?" Sikudhani aliuliza.

"Huo hauguswi. Unasubiri tu."

Mbaruku alitaka kujua kwa nini watu wazima wapande mtama wenye kasoro. Dionisia akasema hapo ndipo penye akili. Mtama wa kawaida una kike na kiume katika ua moja, nao hujizalisha wenyewe. Wataalamu wakitaka kuchanganya aina mbili ili wapate mbegu chotara yenye mazao mengi, wangelazimika kung'oa vifuko vya kiume katika maua elfu na elfu, kimoja kimoja. Hiyo si kazi ya mkono wa binadamu. Basi walitafuta mtama ambao mitokondria zake zinaifanya kazi hiyo zenyewe. Huo wanaufanya mama. Kando yake hupanda mistari ya mtama wa kiume wenye chavua nzuri, na upepo unamaliza shughuli. Wakichagua baba anayefaa, urithi wake huiponya ile kasoro, na mkulima anapata mbegu chotara inayozaa vizuri. Ukoo wa mama wenyewe huendelezwa kwa chavua ya ndugu yake asiyeiponya kasoro, na masuke ya Likunja yalikuwa ya ukoo huo peke yake.

"Na zile mitokondria," Sikudhani alisema, akifikiri, "mtoto anazipata kwa nani?"

"Kwa mama. Baba analeta chavua na urithi wake, lakini mitokondria hutoka kwa mama. Hata sisi watu ni hivyo."

Sikudhani alicheka, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze. "Kumbe mtama nao unafuata ukoo wa mama, kama sisi Wamwera."

Alikirudia kile kioo. Aliwaza kitu kidogo kiasi kile, kisichoonekana hata kwa kioo, kinakaa kimya ndani ya shina na kuamua kama watu watakula au watalala njaa. Alikuwa amelima maisha yake yote juu ya ajabu hii bila kuijua. Hakuona uchungu kwa hilo. Aliona fahari, kama mtu aliyegundua kuwa nyumba yake ina chumba kingine.

Dionisia akasema yaliyochanua mwanzo kabisa yamekwisha. Lakini vijinyoya vya mtama vikikosa chavua huweza kusubiri siku kadhaa vikiwa hai. Kwa hiyo kama kuna mtama mwingine unaochanua sasa, chavua yake inaweza kuletwa.

"Nani ana mtama hapa?" aliuliza. "Naona mahindi na ufuta tu."

Sikudhani alinyoosha mkono ng'ambo ya mto. "Magreti," alisema. "Upepo unatoka huku kwenda kwake, ndiyo maana hatupati kitu. Ana mtama mrefu, wa kuchelewa." Akashusha mkono. "Ni mbegu ya mama yangu."

Magreti hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alfajiri iliyofuata alikuwa shambani kwake akiinamisha masuke marefu juu ya ungo, Sikudhani akiyagonga taratibu kwa kidole. Vumbi la njano lilidondoka. Suke halikukatwa hata moja, maana Dionisia alikuwa ameonya kwamba kugonga kunatosha. Alionya pia kwamba chavua haina maisha marefu: ikichotwa, ifikishwe mara moja, na isipate maji.

Mbaruku ndiye aliyeuvusha ungo mtoni. Aliubeba umefunikwa kanga, akikanyaga jiwe baada ya jiwe kama aliyebeba kichanga. Magreti alimtania kutoka ukingoni kwamba hajawahi kuona bwana harusi anayebebwa kwenye ungo. Mbaruku aliuma midomo. Aliogopa kucheka asije akajikwaa.

Shambani walichovya manyoya ya kuku kwenye vumbi na kuyapitisha juu ya vijinyoya, suke kwa suke. Walifanya hivyo kila asubuhi mpaka maua yakaisha. Mgongo ulimuuma Sikudhani mpaka akawa analala kifudifudi. Panga lilibaki ukutani.

Siku moja Mbaruku alibonyeza punje, na maziwa meupe yakamrukia kidoleni. Alimwita mkewe, akamwonyesha kidole. Sikudhani akalia.

Mavuno hayakuwa ya kujaza ghala. Masuke mengine yalikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, na yale ya mwanzo waliwapa mbuzi. Lakini chakula kilipatikana. Pamoja na muhogo, kingewafikisha kwenye mvua.

Katika kuvuna, Mbaruku alikuta suke moja lililojaa kote, zuri kuliko yote. Akalikata na bua lake, akaelekea nalo jikoni, kama kawaida yake.

"Hilo la ugali," Sikudhani alisema.

"Hili? Huoni lilivyo?"

"Naliona. Mitokondria zake ni za mama yake. Hatujui kama baba ameiponya ile kasoro. Tukilipanda, mwakani huenda tutabeba ungo tena."

Mbaruku alilitazama lile suke, akalitupia kwenye tenga.

Siku hizi wanawake bado wanakuja kwa Sikudhani na nyungo zao, na bado hauzi. Lakini mwenye mbegu ngeni huulizwa kwanza, kama wazee wanavyomuuliza mchumba: mama yake nani, baba yake nani, na aliyekupa alikwambia ya nini? Mwenye fedha ya mbegu chotara humshauri aende duka linaloaminika, tena anunue mpya kila msimu. Asiyejua jibu humpeleka kwa Dionisia.

Hayo yalianza jioni moja baada ya mavuno yale, Magreti alipovuka mto. Kichwani alikuwa na ungo uliojaa masuke marefu, yote na mabua yake.

"Nimekurudishia, dada," alisema. "Uliponipa ulisema akiba haiozi. Nilidhani unanifariji tu."

Sikudhani alichukua suke moja, akauma punje. Ladha ilikuwa ile ile. Akapanda juu ya kigoda, akaanza kuyafunga juu ya moto, na kutoka kwenye mabua makavu vumbi kidogo la njano likamdondokea kwenye kanga. Hakulipangusa.