Wembe Uliojaribiwa Mkononi

Kinyozi alipitisha mashine mara tatu palepale, mpaka mteja akamtazama kwenye kioo.

"Fundi, leo uko wapi?"

"Nipo."

Hakuwepo. Mawazo yake yalikuwa hospitalini, kwa dada yake. Dada alikuwa na saratani ya damu. Wiki ijayo angewekewa uboho wa kinyozi, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, inayotengeneza damu. Ndugu wote walipimwa. Wake tu ndio uliolingana.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha raha. Alikuwa na mazoea ya kujaribu wembe mkononi mwake, aone kama bado una makali ya kichwa kingine. Jumamosi alijaribu wembe uliotoka kumkata mteja kidevuni. Ukamkata na yeye. Jumatatu alitolewa damu ya vipimo. Fomu ikauliza kama karibuni amekatwa na kitu chenye damu ya mtu mwingine. Akajibu hapana. Aliogopa wangemkataa.

Mchana alifunga kibanda, akaenda wodini.

"Umefuata nywele?" dada alimtania, akijipapasa upara. "Umechelewa, dawa zimekuwahi."

Kinyozi alikaa. Akasimama. Akatoka kumtafuta muuguzi, akamweleza yote.

"Lakini si nilipimwa?" aliuliza. "Majibu yalikuwa safi."

"Ulipimwa siku mbili baada ya kukatwa. Virusi vya homa ya ini au Ukimwi vikiwa vichanga mwilini, kipimo kinaweza kutoviona."

"Na mimi sijisikii kuumwa, dada muuguzi."

"Virusi vichanga huwezi kuvihisi, na mwili wako una kinga. Dada yako tutampa dawa kali ziue uboho wake, ndipo apokee wako. Wakati huo hatakuwa na kinga. Ukiwa na virusi, vitaingia pamoja na uboho."

"Mmeshaanza kumpa hizo dawa?"

"Keshokutwa. Umetuwahi."

"Basi mtanikataa."

"Nani kasema? Tutakupima upya. Tukikuta ugonjwa, madaktari wataangalia kama utatibiwa kwanza, na yeye atakingwaje. Tusichoambiwa ndicho tunachoshindwa kujiandaa nacho."

Upandikizaji uliahirishwa. Dada alinuna siku nzima, kisha akasema, "Afadhali umesema, kaka. Ila nusura uniue." Aliendelea na dawa za kuizuia saratani. Kinyozi alipewa dawa za kinga, akapimwa tena na tena kwa miezi kadhaa. Hakulala vizuri hata wiki moja. Mwishowe madaktari waliridhika kwamba hana virusi. Uboho wake ukachukuliwa.

Mwaka uliofuata, dada aliingia kibandani na nywele fupi, nyeusi. Akaketi kwenye kiti.

"Nichonge pembeni. Lakini kwanza nione mkono wako."

Kinyozi alinyoosha mkono. Haukuwa na mkato mpya hata mmoja. Kisha akachukua pakiti ya nyembe, akaifungua mbele ya macho ya dada yake.