Wageni Hawaongezi Mahindi

Kila asubuhi Shida alitoa mahindi kihengeni na kuyapima. Mtu mmoja, bakuli moja. Nyumba yake pale Ngulyati ilikuwa na watu watano, na mahindi yaliyobaki yangewatosha siku mia moja na ishirini. Mavuno mapya yalikuwa bado siku themanini. Shida alilala usingizi mzito.

Ndipo wifi yake Martha akafika kutoka Lingeka na watoto wawili. Huko jua lilikuwa limeunguza shamba lote. Aliokoa gunia moja tu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Malimi, mume wa Shida, alimpenda dada yake, lakini aliingiwa na hofu. Akamwita binti yake Nyamizi, wa kidato cha pili.

"Sasa tuko wanane. Mahindi yatachukua siku ngapi?"

Nyamizi akaandika haraka. Mia moja na ishirini, zidisha kwa nane, gawanya kwa tano.

"Siku mia moja tisini na mbili, baba!"

"Loo! Basi yamezidi!"

Miaka hiyo biashara ya mazao ilikuwa imeachiwa watu binafsi, na malori ya wanunuzi yalifika hadi mlangoni. Lori lingekuja kesho yake. Malimi akaanza kujaza magunia ya kuuza.

"Mwadila!" Jirani yao Mektilda, mpishi wa shule ya sekondari, alibisha hodi kwa salamu ya Kisukuma. Alipoelezwa, alicheka mpaka akashika mbavu.

"We Nyamizi, kumbe wageni wanaongeza mahindi? Nileteeni wageni mia, tusilime tena!"

Nyamizi alilengwalengwa na machozi. "Mwalimu alitufundisha hivyo."

"Hesabu hiyo ni ya vitu vinavyopanda pamoja. Watu wakiongezeka, bakuli za kila siku zinaongezeka. Lakini siku zinapungua! Jikoni kwangu wanafunzi wakiongezeka, gunia linawahi kuisha. Haya, kihengeni mna bakuli ngapi?"

"Watu watano mara siku mia moja na ishirini... mia sita."

"Wageni wameziongeza?"

"Hapana. Ni mia sita zilezile."

"Basi zigawe kwa wanane."

Nyamizi akagawa. "Siku sabini na tano," alisema kwa sauti ndogo. "Mavuno ni siku themanini. Tumepungukiwa tano."

Martha akaanza kufunga mzigo wake. "Kaka, acha nirudi."

"Urudi wapi? Kaa!" Malimi alikuwa tayari anarudisha mahindi kihengeni.

"Shangazi, michembe yako!" Nyamizi aliruka. "Tukila michembe mitupu kila Jumapili, hadi mavuno tunaokoa siku kumi na moja!"

Wakafanya hivyo. Mahindi mapya yalipoiva, Shida alikuta kihengeni bakuli arobaini na nane za mahindi ya zamani. Watoto wa Martha walikuwa wamenenepa.

Baada ya mavuno, lori likapiga honi mlangoni. Malimi akatoka mikono mitupu.

"Subiri kidogo, bwana," alimwambia dereva. "Binti yangu anahesabu kwanza tuko wangapi."