Malaria ya Kila Jumatatu

Kila Jumatatu saa moja asubuhi, Kanyiva alitoka nyumbani kwake Kangemi akaenda kwenye kibanda cha simu ya jamii. Alipiga simu Hurlingham, kwenye kiwanda cha uchapishaji alikofanya kazi mumewe, Nzioka.

"Halo? Ni mama Mwende. Baba Mwende ana malaria."

Malaria gani hiyo? Ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Nairobi ilikuwa kali. Hata mbu angetafuta sweta. Nzioka alikuwa kitandani, ananuka pombe, mikono inatetemeka. Lakini Kanyiva aliamini kwamba anamsaidia. Nzioka akifutwa kazi, watoto watatu watakula nini?

Kiwandani nako walimsaidia vivyo hivyo. Nzioka alikata karatasi kwa mashine kubwa yenye kisu kirefu. Msimamizi wake, Mwaura, alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Nzioka akija amelewa, Mwaura alimpa peremende za kuficha harufu. Alimwambia akalale stoo, kisha akamkatia karatasi yeye mwenyewe. Walimpenda, sikatai. Lakini upendo wa namna hiyo mimi nauogopa.

Jumatatu moja, simu haikupokewa na Mwaura. Ilipokewa na Caren, afisa wa wafanyakazi, ambaye alikuwa na mwezi mmoja tu kazini.

"Pole, mama Mwende," alisema Caren. "Hii ni malaria ya nne tangu nije hapa. Sikugombezi. Nataka kukuuliza tu. Ijumaa kisu cha mashine kilikata mkono wa ovaroli yake. Kilikosa vidole kidogo tu. Alikwambia?"

 Kanyiva mwenyewe ndiye aliyeishona ovaroli hiyo Jumamosi.

"Aliniambia ni msumari," alisema. Machozi yakamtoka palepale, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yake. "Dada, si malaria. Ni pombe. Lakini nikisema, si mtamfuta?"

"Tukiendelea kuficha, kazi itaenda pamoja na vidole. Njoo ofisini leo saa nane. Hatutatangaza mambo yenu."

Kanyiva alienda. Caren alimpa chai, akamweleza polepole.

"Kushindwa kuacha pombe ni ugonjwa, na unatibika. Lakini malaria ya uongo, peremende, kulala stoo, hayo yote yanampa nafasi ya kuendelea kunywa."

"Basi nimfungie ndani aache leo leo?"

"Hapana! Mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla anaweza kuanguka na kutetemeka mwili mzima. Anaweza hata kufa. Ni lazima daktari amwongoze."

Jumatano Nzioka alikuja kazini akiwa hajalewa. Caren alimwita ofisini pamoja na Mwaura, akafunga mlango. Mwaura alikuwa ameambiwa mapema asitukane wala asihubiri, aseme tu alichokiona.

"Nzioka," Mwaura alianza. "Mwezi huu umekosa siku nne. Ijumaa niliona kisu kikikata nguo yako. Mimi nimekuwa nikikufichia. Nimekukosea, rafiki yangu."

Nzioka alikuja juu. "Mimi si mlevi! Mnanitafutia makosa mnifute!"

"Hakuna anayekufuta leo," alisema Caren. "Lakini hutagusa mashine mpaka daktari aseme uko sawa. Tunakupa likizo ya ugonjwa ukatibiwe. Nafasi yako itakungoja. Ukikataa, halafu uje kazini umelewa, hapo tutafuata sheria za kazi. Uamuzi ni wako."

Nzioka aliangalia mikono yake. Ilikuwa inatetemeka juu ya meza, na kila mtu aliiona.

"Nimejaribu kuacha mara tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeshindwa."

"Ulijaribu peke yako," alisema Caren. "Sasa tuko pamoja na wewe."

Nzioka alilazwa hospitalini siku kumi. Baadaye alimwona mshauri kila wiki. Kila Jumamosi alikutana na kikundi cha watu walioacha pombe, kwenye ukumbi wa kanisa huko Kileleshwa. Kiwandani pia walibadilika. Zamani bia ilinunuliwa kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Sasa ililetwa nyama choma na soda. Wengine walinung'unika, lakini nyama ilipofika walinyamaza wakala.

Mwezi wa Oktoba, daktari alimruhusu kurudi kwenye mashine. Alikata karatasi vizuri, na kila Jumatatu alifika mapema kuliko Mwaura.

Msidhani njia ilinyooka moja kwa moja. Mwezi wa Desemba Nzioka alienda harusi ya binamu yake huko Machakos, na huko akanywa. Kesho yake alienda kazini kama kawaida. Kanyiva alishinda nyumbani na wasiwasi.

Jioni Nzioka aliingia, akaketi. Kanyiva aliogopa kumwangalia.

"Wamekufuta?"

"Hapana. Mwaura amenitoa kwa mashine leo, akaniweka nifunge vitabu. Caren naye amenipeleka kwa mshauri saa hiyo hiyo. Kesho narudi tena kwake."

"Kumbe walijua umekunywa? Nani aliwaambia?"

"Mimi mwenyewe," alisema Nzioka. "Nimewaambia kabla sijavaa ovaroli."

Kanyiva alicheka huku akilia. Tangu waoane, hakuwahi kujivunia mume wake kama alivyojivunia jioni hiyo.