Kengele Nje ya Duka la Mkate

Rafiki yangu Ximena alitoka kumnunulia mama yake mkate wa chai ya jioni. Mama huyo aliishi peke yake ghorofani, huko Santiago, Chile. Nje ya duka, msanii alikuwa amepachika ukutani kengele za milango. Ukibonyeza moja, unasikia sauti ya mpweke iliyorekodiwa.

"Bonyeza basi, haziumi!" muuza mkate alimtania.

"Niache, don Eleuterio. Nikichelewa mama atanuna."

Ghafla umeme ukakatika mtaa mzima. Gizani, kengele moja ikalia, kisha ikasikika sauti ya mama yake: "Ximena, mbona hufiki?"

Alikimbia hadi kwa mama yake, akapanda ngazi mbio. Birika lilikuwa bado linachemka, vikombe viwili mezani, mama hayupo. Kando ya mlango wa mama, kengele aliyoibonyeza mwenyewe alipofika mchana ilikuwa imeng'olewa. Zilibaki nyaya, bado zikicheza.