Baliandika "Tupu" ku Mlango wa Mama Yangu

"Kapata, numero 47: nyumba TUPU."

Nilisoma rapport yetu mara mbili... Batu yangu, 47 ni nyumba ya mama yangu! Na mama iko ndani!

Mi ni Mbuyi. Nilikuwa natumika ku cabinet, bureau moja ya ba consultants hapa Kolwezi. Mine, ule mgodi, inapanuka, inaondoa batu, shiye njo tunahesabu manyumba. Mwenye kuandikwa anapewa nyumba mpya. Ikiandikwa "tupu", tingatinga inabomoa na mwenyewe hapewi kitu!

Na mi njo nilikuwa chef d'équipe, mkubwa wa kundi. Utaratibu ni wangu: paka numero na rangi nyekundu, bisha mara moja, mlango usipofunguka andika tupu, endelea. Madame Godelieve, patron wetu, alinisifu mbele ya bote eti niko rapide, natumika mbio.

Nyumba ya mama nilimwachia mwenzangu Louis, juu ni mwiko kuhesabu famille yako. Nikamuvamia.

— Ulibisha kwa mama yangu?

— Mara moja. Vile ulitufundisha, chef.

Nikatoka inje mbio.

Nikarukia moto, pikipiki ya kulipa, mpaka mtaa wa Kapata.

— Mama! Juu ya nini hukufungula?

— Niliona rangi nyekundu ku milango, Mbuyi. Mu 92, kabla ya kutufukuza hapa juu shiye ni ba Kasai, batu ba jimbo lingine, balitutia alama vile ku mlango. Nikajifungia, nikanyamaza.

Yesu wangu! Mi mwenyewe niliandika "tupu" ku milango kumi na ine... majirani ba mama, bote bazee ba Kasai!

Nikazunguka ile milango yote, nikabisha tena.

— Ni mi Mbuyi, mutoto wa Mama Kapinga!

Yote ikafunguka. Yote kumi na ine!

Nikarudi bureau mbio. Rapport inaenda ku mine saa kumi.

— Madame, tulikosea. Batu bamo!

— Rekebisha ya mama yako, zingine acha. Client anangojea. Ama utoke!

Sitabadanganya, nilikubali. Nilirekebisha 47, nikasikia moyo umetulia... Kisha macho ikaanguka ku 48. Mama Ernestine, mwenye alinilea wakati mama alilazwa.

Nikarekebisha zote kumi na tano, nikatuma ku mine mbele ya Madame. Alinifukuza palepale!

Nikaenda kwa mama na machozi.

— Mama, kazi imeisha.

Akanikalisha.

— Unajua nani alipaka mlango wetu mu 92?

— Adui?

— Apana. Jirani. Mutu mupole kabisa. Alisema, "Mama, unisamehe, ni kazi tu."

Nikaangalia kucha zangu. Rangi nyekundu ilikuwa ingali mule.

Weye mwenye kushika liste leo, nakuomba: mlango ukifungwa, bisha tena. Taja jina lako. Ngoja.